Lango la Parokia na Sheria ya Nchi: Nani Anaruhusiwa Kutufungia Intakomu?



Ndugu wapendwa, parokia zetu nyingi za mijini, pamoja na nyumba za watawa, hosteli na shule zetu, zimeanza kuweka malangoni zile simu ndogo ambazo mgeni hubonyeza kitufe, akazungumza na aliye ndani, naye aliye ndani akafungua lango bila kuinuka kitini. Wengi huziita intakomu, nasi tutatumia jina hilo. Pamoja na vyombo hivyo yamekuja maswali. Halmashauri za walei hutuuliza kama kibali kinahitajika, na kama kinahitajika, ni cha nani. Masista hutuuliza kama kijana wa jumuiya aliyesomea umeme aweza kuwafanyia kazi hiyo kwa majitoleo. Waamini wanaoishi katika majengo ya ghorofa hutuuliza kama jirani aweza kuweka kamera inayotazama mlango wao. Tumeona vema kuyajibu maswali haya kwa utaratibu, kwa kuwa sisi wenyewe tulijifunza majibu yake kwa gharama ambayo hatungependa parokia nyingine iilipe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa paroko wa parokia moja ya mjini. Langoni palikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na mwenye shida alikigonga kwa jiwe. Wizi ulipozidi, halmashauri ya walei iliamua tujenge lango la chuma na kuweka intakomu yenye kufuli la umeme. Muumini mmoja mwenye nia njema alituletea fundi wake, ambaye bei yake ilikuwa nusu ya bei za wengine. Hatukumwuliza leseni. Hatukuandikiana mkataba. Tulitia sahihi hati ya malipo, tukabariki lango, na kile kipande cha reli kikaondolewa.

Ulifika msimu wa masika, na usiku mmoja umeme ukakatika. Saa nane za usiku vijana wawili wa jumuiya mojawapo walikuja kumwombea bibi yao Mpako wa Wagonjwa. Walibonyeza kitufe, kikanyamaza. Waligonga lango, lakini mvua ilikuwa kubwa, na mlinzi alikuwa upande wa pili wa uwanja, nyuma ya kanisa. Waliondoka. Asubuhi walirudi kuomba mazishi, na mmoja wao alitwambia maneno machache tu: "Baba, tulikuja usiku. Tulibonyeza."

Tulimtafuta yule fundi. Simu yake haikupatikana. Baadaye fundi mwenye leseni alifungua mtambo mbele yetu. Nyaya za sauti zilikuwa zimepitishwa katika bomba moja na nyaya za umeme mkubwa, na viungo vyake vimefungwa kwa utepe. Kisanduku cha betri ya akiba kilikuwepo, betri haikuwemo. Hatumwandiki fundi huyo hapa ili kumlaumu. Aliyeweka sahihi ni sisi. Hatukuvunja sheria kwa makusudi. Tulikosa tu kuuliza, na kwa mtu aliyekabidhiwa mali na roho za watu, kutouliza nako ni kosa.

Kwa nini sheria inahusika na simu ya langoni

Mtu aweza kusema kwamba intakomu ni kengele tu, na kengele haihitaji serikali. Lakini tukiufungua mtambo wenyewe, twaona kwamba umebeba mambo manne kwa pamoja. Kwanza, hutumia umeme wa nyumba wa volti 230, unaoshushwa hadi volti chache, mara nyingi 12 au 24. Pili, husafirisha sauti, na siku hizi picha pia, kwa waya, kwa mawimbi ya redio, kwa laini ya simu ya mkononi au kwa intaneti. Tatu, huamuru kufuli, yaani huamua nani anaingia na nani anatoka. Nne, mitambo mingi ya sasa huhifadhi sauti na sura za watu waliofika mlangoni.

Kila moja ya mambo haya manne yaweza kumdhuru jirani. Umeme waweza kuunguza nyumba. Mawimbi yaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine. Kufuli laweza kumfungia mtu ndani ya moto au kumfungia nje mwenye shida. Na kumbukumbu ya sauti yaweza kufichua siri ya mtu. Ndiyo sababu hakuna kibali kimoja kiitwacho kibali cha intakomu. Ziko ofisi kadhaa, na kila moja huuliza swali moja kwa niaba ya jirani yetu. Tukilielewa swali, hatutaiona ofisi kuwa kero.

Swali la kwanza: mkono gani unafanya kazi hii?

Katika nchi yetu, mawasiliano ya kielektroniki husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, huweka aina mbalimbali za leseni, na mojawapo ni leseni ya kusimika na kufanyia matengenezo vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki. Anayejitangaza kuwa msimikaji wa vyombo hivyo na kulipwa kwa kazi hiyo anapaswa kuwa nayo. Mzigo wa leseni hii huwa juu ya fundi au kampuni yake, na wajibu wetu sisi wenye nyumba ni kuiona kabla ya kukabidhi kazi. Mamlaka hutangaza orodha ya wenye leseni, hivyo karatasi iliyoletwa na fundi yaweza kuhakikiwa.

Kwa upande wa umeme, wenye leseni za kufunga nyaya za umeme katika majengo ya Tanzania Bara hupewa leseni hizo na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Kwa hiyo fundi wa intakomu anapotaka kuvuta waya mpya kutoka kwenye sanduku kuu la umeme hadi langoni, hatuulizi leseni ya mawasiliano peke yake. Ama ana leseni ya umeme pia, ama anafanya kazi pamoja na mwenye nayo. Na ikiwa kazi ni kubwa, kama vile kuweka mtambo katika hosteli nzima au hospitali, tunakuwa katika eneo la makandarasi, ambao husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa sheria ya mwaka 1997.

Je, kijana wa jumuiya aliyesomea umeme aweza kusaidia? Aweza, na majitoleo yake ni baraka. Afanye kazi chini ya mwenye leseni, ambaye ndiye atakayeikagua na kuitilia sahihi. Kuwa muumini mwema ni jambo moja, na kuwa na ujuzi uliothibitishwa ni jambo jingine. Hatumpi mtu kisu cha upasuaji kwa kuwa anaimba vizuri kwaya.

Swali la pili: kifaa chenyewe kinafaa hapa?

Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa na kutumika nchini hupaswa kuwa vimeidhinishwa na TCRA, yaani aina ya kifaa imechunguzwa na kukubaliwa kwamba haitavuruga mitandao wala kudhuru watumiaji. Pamoja na hilo, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora wa bidhaa, vikiwemo vifaa vya umeme. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini na parokia zenye urafiki na parokia za ng'ambo, maana zawadi nyingi huja kwa njia hiyo.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umeigawa dunia katika kanda tatu kwa ajili ya matumizi ya mawimbi ya redio. Afrika na Ulaya zimo katika kanda ya kwanza, na mabara ya Amerika yamo katika kanda ya pili. Mgawanyo huu una matokeo ya kweli. Nchini Marekani, vifaa vingi vya nyumbani visivyo na waya huruhusiwa kutumia masafa ya megahezi 902 hadi 928. Katika kanda yetu, sehemu ya masafa hayo hutumiwa na simu za mkononi kuzungumza na minara. Vivyo hivyo simu zisizo na waya zinazouzwa Marekani hutumia megahezi 1920 hadi 1930, ambazo kwetu zimo ndani ya masafa ya mitandao ya simu za kizazi cha tatu. Kifaa ambacho Chicago ni halali kabisa, kikiwashwa mjini kwetu chaweza kumkatia simu mama anayempigia mkunga usiku. Tena kifaa hicho huenda kimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, nacho kitaungua siku ya kwanza tukikichomeka kwenye volti 230.

Basi rafiki anapotaka kututumia zawadi ya namna hii, tumshukuru, kisha tumwombe aina na namba ya kifaa kabla hajakinunua, tuulize kama kimeidhinishwa. Kama hakijaidhinishwa, fedha ile ile yaweza kununua kifaa kinachofaa hapa hapa nchini. Na wenye walinzi wanaotumia redio za mkononi za kuitana wakumbuke kwamba redio hizo nazo hutumia masafa yanayogawiwa kwa leseni. Kuzinunua sokoni hakumpi mtu haki ya kuzitumia.

Iko pia mitambo inayotumia laini ya simu ya mkononi: mgeni akibonyeza kitufe, simu ya paroko huita popote alipo. Hii yafaa sana kwa miito ya wagonjwa. Lakini laini hiyo lazima isajiliwe kihalali, na isajiliwe kwa jina la taasisi. Tumewahi kuona lango ambalo laini yake ilikuwa ya fundi mwenyewe. Maana yake ni kwamba mtu wa nje alishika ufunguo wa nyumba ya mapadre bila yeyote kujua.

Swali la tatu: jengo ni la nani, na moto ukitokea?

Kubandika kifaa kidogo ukutani kwa kawaida hakugeuzi jengo. Lakini mara nyingi intakomu huja na lango jipya, ukuta ulioinuliwa au kibanda cha mlinzi, na hayo ni ujenzi. Ujenzi mijini huhitaji kibali cha halmashauri ya mji, manispaa au jiji, kwa mujibu wa sheria za mipango miji. Hapo parokia nyingi hukwama kwa jambo moja: mwombaji ni nani? Kwa kawaida viwanja vya parokia humilikiwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa Jimbo. Paroko hana mamlaka ya kuomba kibali kana kwamba kiwanja ni chake. Barua hupitia jimboni, na hati hutolewa kwa jina la wadhamini. Njia hii huonekana ndefu, lakini ndiyo iliyozilinda ardhi zetu nyingi zisiuzwe na mtu mmoja.

Kuhusu moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, hukagua majengo na kutoa cheti cha usalama. Kwa upande wa intakomu, swali kubwa ni kufuli. Yako makufuli ya sumaku ambayo umeme ukikatika huachia, na yako mengine ambayo umeme ukikatika hubaki yamefunga. La kwanza hulinda maisha, la pili hulinda mali. Katika mlango wa bweni, hosteli au ukumbi, mlango ambao watu watakimbilia, kufuli halipaswi kamwe kumzuia aliye ndani asitoke, uwepo umeme au usiwepo. Katika lango la nje, kufuli laweza kubaki limefunga, ila kuwe na ufunguo wa mkono mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Kabla ya kufunga chochote kwenye milango ya bweni, tuwaite maofisa wa Zimamoto wakague. Na kila mlinzi aijue namba 114.

Kwa waamini wanaoishi katika majengo ya ghorofa yenye wamiliki wengi, ngazi, korido na lango kuu ni mali ya wote. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu katika jengo moja inatambua chama cha wamiliki, nacho ndicho chenye kuamua mambo ya maeneo ya pamoja. Mpangaji au mmiliki mmoja asitoboe ukuta wa korido na kuweka mtambo wake kwa kuwa anayo fedha. Alipeleke jambo kikaoni, liandikwe katika kumbukumbu, na gharama zigawanywe kwa haki, wakikumbukwa wajane na wazee wenye kipato kidogo.

Swali la nne: sauti na sura ya mgeni zinakwenda wapi?

Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeifafanua haki hiyo na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taasisi inayokusanya taarifa za watu hupaswa kujisajili kwa Tume hiyo, kukusanya kwa lengo halali tu, kutokusanya kupita kiasi, kuzilinda, na kutokaa nazo kuliko inavyohitajika. Sura iliyonaswa na kamera ya lango ni taarifa binafsi. Sauti nayo ni taarifa binafsi.

Tufikirie ni nani hufika kwenye lango la parokia. Huja mke aliyepigwa na mumewe. Huja binti mjamzito asiyejua pa kwenda. Huja mtu anayetafuta msaada wa chakula na hataki jirani ajue. Ikiwa mtambo wetu unarekodi, na picha zake zinatazamwa kwenye simu ya kila mjumbe wa kamati ya ulinzi, basi tumeugeuza mlango wa huruma kuwa mahali pa kuaibishwa. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa nayo inakataza kumharibia mtu jina jema isivyo halali, na inalinda haki ya kila mtu ya faragha yake.

Kwa hiyo paroko ajue kama mtambo unarekodi au la, kumbukumbu zinakaa wapi, nani anazifungua na hufutwa baada ya muda gani. Kama zinahifadhiwa katika kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, sheria ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje, na ni lazima yaulizwe. Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile. Langoni kuwe na maandishi yanayosomeka kwamba hapa pana kamera. Na mtambo usitumike kamwe kusikiliza mazungumzo ya watu walio nje au ndani bila wao kujua. Kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka ya kisheria ni kosa, kwa Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2010 na kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Sheria za Kanisa zinasemaje?

Wako waamini wanaodhani kwamba Kanisa, kwa kuwa ni la Mungu, linasimama juu ya taratibu hizi. Sheria zetu wenyewe zinatufundisha kinyume. Kanuni ya 1284 inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kuzishika sheria za Kanisa na za nchi pia, na kuangalia hasa Kanisa lisipate hasara kwa sababu sheria za nchi hazikufuatwa. Kanuni hiyo hiyo inawataka walinde mali isipotee wala kuharibika, waandike vema mapato na matumizi, na kuhifadhi nyaraka. Kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na kamati ya fedha ya kumsaidia paroko. Na Kanuni ya 1281 inasema kwamba tendo linalopita mipaka ya usimamizi wa kawaida ni batili, isipokuwa kama msimamizi amepata kwanza kibali cha maandishi. Kwa hiyo mradi mkubwa wa ulinzi hauanzi kwa fundi. Huanzia katika kamati ya fedha, ukafika jimboni, ndipo ukaenda kwa fundi.

Bwana wetu mwenyewe, alipodaiwa kodi ya Hekalu, alimweleza Petro kwamba wana hawadaiwi, kisha akailipa, ili asiwakwaze watu. Kama Yeye alifanya hivyo, sisi tutapata wapi ujasiri wa kukwepa ada ya kibali?

Neno la pekee kuhusu Kitubio

Parokia kadhaa zimeweka vipaza sauti na simu za ndani kati ya sakristia, ofisi na kanisa. Hapa tunasema bila kuzunguka: chombo chochote chenye uwezo wa kupokea sauti kisiwekwe ndani ya kiti cha maungamo wala karibu nacho, na wala katika chumba chochote ambamo maungamo husikilizwa kwa kawaida. Tangu tarehe 8 Desemba 2021, Kitabu cha Sita cha Sheria za Kanisa kilichofanyiwa marekebisho kinaeleza katika Kanuni ya 1386 kwamba anayerekodi kwa chombo cha kiufundi yale yanayosemwa na padre au na mwungamaji katika Kitubio, au anayeyatangaza kwa vyombo vya mawasiliano, ataadhibiwa kadiri ya uzito wa kosa. Fundi hajui jambo hili, na si kosa lake. Paroko amwoneshe kwa mkono wake mahali ambapo waya hautapita. Ofisi ya paroko ambamo watu huungama iwe na simu ya kawaida inayonyanyuliwa kwa mkono, isiyo na kipaza sauti kinachoweza kuwashwa kutoka nje.

Hatua za kufuata

Kwa kifupi, parokia au nyumba ya watawa inayotaka kuweka intakomu ifanye hivi. Kwanza, kamati ya fedha na halmashauri ya walei zikae na kuandika shida yenyewe: ni wizi, ni miito ya usiku, au ni fahari tu? Pili, ofisi ya jimbo ijulishwe, na kibali cha maandishi kipatikane pale kinapohitajika. Tatu, zipatikane bei tatu kutoka kwa mafundi wenye leseni, na leseni zihakikiwe. Nne, uulizwe uidhinishaji wa kila kifaa. Tano, kama kuna ujenzi, kibali cha halmashauri kiombwe kwa jina la wadhamini. Na kama kuna milango ya mabweni, Zimamoto waitwe. Sita, uandikwe mkataba unaotaja kila kifaa, ikiwemo betri ya akiba, muda wa dhamana na nani ataitwa mtambo ukiharibika. Saba, siku ya kupokea kazi, sanduku lifunguliwe mbele ya mashahidi, umeme uzimwe, na mtu asimame nje abonyeze kitufe. Kama hakiiti, kazi haijaisha na malipo ya mwisho yasitolewe. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi. Nane, nyaraka zote zihifadhiwe katika kumbukumbu za parokia, ili paroko ajaye asianze upya.

Bei ya njia hii ni kubwa kuliko ile ya fundi wa mkato, hatutaficha. Parokia isiyoweza kuimudu isione aibu. Kipande cha reli na mlinzi anayelipwa mshahara wa haki vinatosha. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, alitaka langoni pa monasteri akae mzee mwenye busara, mwenye chumba karibu na mlango, ili kila ajaye amkute mtu wa kumjibu. Watawa wa Peramiho na Ndanda wanaifahamu vema sura hiyo. Intakomu ni msaidizi wa bawabu huyo, na pale tunapoiweka badala yake, tumeondoa moyo na kuacha waya.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo juu ya dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya ujenzi. Haikutungwa kumsumbua mwenye nyumba. Ilitungwa kwa ajili ya mgeni ambaye mwenye nyumba hamjui bado. Leseni, vibali na vyeti tulivyovitaja hapa ni ukingo wa namna hiyo hiyo.

Yule bibi tulimzika siku ya tatu, na familia yake ilitusamehe kabla hatujaomba msamaha. Katika parokia ile intakomu ipo hadi leo, imefungwa upya na fundi mwenye leseni, na betri yake hukaguliwa kila mwezi. Kile kipande cha reli tulikirudisha mtini. Mlinzi mpya anapoanza kazi, jambo la kwanza analooneshwa ni mahali jiwe lake linapowekwa.